Mkamwana wa Kwenye Runinga

"Onja kwanza," alisema Mama Benadeta.

Kemigisha alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa bado amepiga magoti, sahani ya ndizi na maharage mikononi, mvuke ukimpanda usoni. Mama mkwe wake hakunyoosha mikono kuipokea. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake mbele ya runinga, miguu iliyovimba ikiwa juu ya kigoda, na macho yake hayakuwa kwenye sahani wala kwa mtu aliyeishika. Yalikuwa kwenye kioo, ambako mwanamke mwenye hereni kubwa alikuwa akimimina juisi ya embe kwenye glasi ndefu, huku muziki ukinguruma kama radi ya mbali.

"Nionje, Mama?"

"Onja nikuone. Kwani ni vibaya?"

Haikuwa vibaya. Huku Kituntu anayemkaribisha mgeni rubisi hunywa funda la kwanza mwenyewe, ndipo ampe mgeni. Hata mtoto anajua hivyo, na hakuna anayeudhika. Lakini hiyo ni pombe, na huyo ni mgeni. Chakula cha jioni kilichotoka jikoni kwenu, anachopelekewa mama na mke wa mwanawe, hakionjwi. Kukionja ni kutamka jambo ambalo nyumba nzima inaomba lisitamkwe.

"Mama naye!" Elpidius alicheka kutoka kwenye kochi. "Tamthilia zimemwingia."

Kemigisha alimega kipande cha ndizi, akakitia mdomoni. Mama Benadeta aligeuka sasa. Alimtazama kooni mpaka alipomeza. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Hiyo mpe mume wako. Mimi nipe ya kwake."

Sahani zikabadilishwa. Elpidius aliendelea kucheka, ila kicheko kilikuwa kifupi, na kabla ya kula tonge la kwanza aliligeuzageuza kidogo kwa vidole. Kemigisha aliliona hilo. Kwenye runinga bibi tajiri alikunywa juisi, akashika kifua, akaanguka juu ya zulia jeupe. Mama Benadeta akasema polepole, "Ee, Mungu wangu," wala hakuonekana kushangaa.

*

Asubuhi Elpidius alipokuwa akifunga mzigo wa ving'amuzi nyuma ya pikipiki, Kemigisha alimfuata uani.

"Eli, mama yako ananiogopa."

"Hakuogopi. Anatania."

"Mtu hatanii kwa kubadilisha sahani."

Elpidius alivuta mpira wa kufungia, akaukaza. Alikuwa na duka dogo pale Omurushaka. Aliuza ving'amuzi vya kituo cha Kipepeo, akafunga madishi kwenye mapaa kuanzia Kituntu mpaka ng'ambo ya Kyerwa. Kipepeo ndiyo runinga iliyotengeneza tamthilia zake yenyewe, tatu kila jioni, moja ikiisha nyingine inaingia: *Jumba la Mbezi*, *Kikombe cha Shaba*, *Mkwe wa Tatu*. Tangu ugonjwa wa sukari umpunguzie Mama Benadeta nguvu za kwenda shambani, na macho yake yaanze kuona ukungu, alikuwa akisogeza kiti karibu na kioo na kuzitazama zote, na mchana zikirudiwa alizitazama tena.

"Tena si tatu," Kemigisha alisema. "Ni moja. Jumba la ghorofa, bwawa la kuogelea, mama tajiri, wosia, mkamwana aliyetoka mkoani, kichupa. Wanabadilisha mapazia tu, Eli. Na yule mtumishi anayeleta kichupa, kila mara katoka huku kwetu. Anaigeuza 'waitu' yetu ya heshima kichekesho, 'waitu, waitu', mpaka unaona aibu kuwa na mdomo."

"Sasa wewe unataka waonyeshe nini? Watu wanapalilia migomba? Nani atanunua king'amuzi aangalie migomba?"

"Mimi."

"Wewe peke yako." Alimshika bega, kwa upole. "Kemi, ndizo zinazotulisha. Na Mama ni mtu mzima, ataacha. Mpe wiki."

Aliondoka, na Kemigisha akabaki amesimama penye moshi wa pikipiki. Hakuwa na wiki ya kutoa. Alijua jambo la namna hii linavyotembea likishatoka mlangoni. Kule Kamuli alikozaliwa, palikuwa na mama mmoja aliyeitwa Evangelina. Kwanza watu waliacha kunywa kwake. Halafu wakaacha kumsalimia. Halafu asubuhi moja akaamka akakuta migomba yake yote imekatwa, imelala chini kama watu, na akaondoka na godoro kichwani. Mpaka leo hakuna aliyewahi kusema Evangelina alimfanyia nani nini.

Siku hiyohiyo, bombani, jirani yao Stephania alimpisha achote maji mbele ya wengine.

"Shikamoo, dada Stephania."

"Marahaba, mpishi. Mpishi hajambo?"

Wanawake wakacheka, wakitazama ndoo zao. Kemigisha naye akacheka, maana kutocheka kungekuwa kibaya zaidi. Maji yalijaa, yakamwagika, na hakuona.

*

Alhamisi alikwenda Omurushaka kumchukulia Mama Benadeta vidonge vyake, akapitia dukani kwa mumewe. Runinga ya dukani ilikuwa inaonyesha kipindi cha Kipepeo ambamo watazamaji hupiga simu. Mtangazaji, kijana wa suti inayong'aa, alikuwa anauliza: je, ni kweli tamthilia zetu zinafanana?

"Zinafanana nini?" Nolasco, mnunuzi wa kahawa kutoka Muleba, alikuwa ameegemea kaunta. "Kwenye *Jumba* sumu iko kwenye juisi. Kwenye *Kikombe* iko kwenye chai. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa!"

"Na kwenye *Mkwe wa Tatu*?" aliuliza Mwalimu Ambrose, mstaafu, bila kuinua macho kwenye redio aliyoileta kutengenezwa.

"Mtori."

"Basi ndugu yangu wewe hutaki tamthilia. Unataka hoteli."

Duka zima likacheka. Nolasco hakukubali kushindwa. "Mwalimu, wanatengeneza kinachouzika. Mimi mnunuzi wangu akitaka kahawa ya maganda, nampelekea maganda. Nimlazimishe?"

"Ukimpelekea maganda siku zote, atajuaje kwamba kuna kahawa safi?" Mwalimu aliweka redio chini. "Nchi hii ina watu wa kila namna. Wavuvi, wafugaji, manesi, mafundi, watu wa lugha zaidi ya mia. Mimi nimelipia runinga hiyo miaka yote na sijamwona Mnyambo wa huku kwetu ndani yake isipokuwa amebeba ndoo au kichupa. Ni uvivu. Mtu akipata hadithi moja inayouza, anaikata vipande vitatu anaviita hadithi tatu."

Kemigisha hakujua ujasiri ulitoka wapi. Labda ni kusikia mtu mwingine, mtu anayeheshimiwa, akisema yale aliyokuwa akiyasema peke yake jikoni. Alitoa simu, akapiga namba iliyokuwa ikipita chini ya kioo. Ilimchukua muda kupatikana. Alipopatikana, sauti yake ilitoka kwenye runinga ya duka ikiwa nyembamba kama ya mtoto.

"Mimi napiga kutoka Karagwe. Nilitaka kusema, tamthilia zenu ni moja. Kila mkamwana ni muuaji. Huku kwetu wakamwana tunapika, tunalima, tunauguza wazee, na hatujaua mtu. Tunaomba muonyeshe na hayo. Maana kuna watu wanaziamini."

"Dada kutoka Kagera! Waitu, waitu!" Mtangazaji alicheka, akapiga makofi. "Tunakushukuru sana kwa maoni mazuri. Usikose leo saa moja jioni, *Jumba la Mbezi*, sumu inafichuliwa!"

Watu dukani walimshangilia. Mwalimu Ambrose alimpa mkono. Elpidius peke yake hakushangilia. Alikuwa amesimama na bisibisi mkononi, ametoa macho.

"Kemi," alisema. "Mama anaangalia saa hizi."

*

"Nimekusikia," alisema Mama Benadeta, kabla Kemigisha hajavuka kizingiti.

"Shikamoo, Mama."

"Nimekusikia mpaka majirani wamekusikia. Unataka wazifunge. Kwa nini unataka nisizione? Unaogopa nitajifunza nini?"

"Waitu, Mama, sikusema wazifunge. Nilisema..."

"Ulisema kuna watu wanaziamini. Hao watu ni mimi. Umenitangaza mjinga Tanzania nzima." Alijivuta nyuma kitini, mbali na mfuko wa vidonge, na hapo ndipo Kemigisha alipoelewa jambo lililomtisha kuliko hasira yoyote: huyu mama hakuwa anamchukia. Alikuwa na hofu ya kweli, hofu ya mgonjwa asiyeona vizuri, anayeletewa kila kitu na mikono ya mtu mwingine.

Jioni ile Mama Benadeta hakumeza vidonge. Elpidius alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. "Viliguswa," alisema mama yake, basi. Asubuhi ya Ijumaa Elpidius aliondoka mapema kwenda kufunga dishi mbali, ng'ambo ya Kamuli, kwenye mabonde ambako simu haishiki, na aliahidi kurudi na muuguzi wa kuongea na mama.

Kufikia saa nne Mama Benadeta alikuwa amemaliza mtungi wa maji. Midomo ilikuwa imepasuka. Alikwenda chooni akarudi, akaenda tena, akijishika ukutani, na alikataa kushikwa. Kemigisha alimtazama kupitia mlango wa jiko, kisu cha kumenyea ndizi kimesimama mkononi. Asipomeza dawa atazidiwa, na watasema ni mimi. Akimeza, halafu siku yake ikafika tu kama inavyofika kwa wazee, watasema ni mimi. Alizungusha jambo hilo kichwani, na kila upande aliona migomba imelala chini.

Alichukua vidonge na kikombe cha maji, akaenda kupiga magoti.

"Mama, nakuomba. Kwa ajili ya Eli."

"Onja."

"Hii ni dawa. Dawa haionjwi."

"Ndivyo alivyosema yule wa *Mkwe wa Tatu*. Maneno hayohayo." Mama Benadeta aliinama, uso wake ukawa karibu, pumzi yake ikinuka tamu kama tunda lililoiva kupita kiasi. "Kama hakuna kitu, meza wewe kwanza. Mbele yangu."

Kemigisha hakuwa amekula tangu chakula cha jana jioni. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, na Ijumaa za Kwaresima alifunga mpaka jua lizame, kama alivyofundishwa na mama yake mzazi. Hilo halikumjia akilini. Lililomjia ni kwamba hatimaye alikuwa amepewa njia ya kuthibitisha, njia fupi, ya kumeza tu. Alitia vidonge viwili mdomoni, akanywa maji, akafungua mdomo na kuinua ulimi kama mtoto anayekaguliwa.

"Umeona, Mama? Sasa zamu yako."

"Bado. Tutangoja."

"Tungoje nini?"

"Kule kwenye runinga huwa inachukua muda."

Wakangoja. Mama Benadeta alikivuta kiti chake mpaka mlangoni, mahali anapoweza kuliona jiko, akatulia huko kama mlinzi. Kemigisha akarudi kumenya ndizi. Alimenya, akatupa maganda, akamenya. Baada ya muda alihisi moyo unakwenda mbio. Ni hofu, alijiambia. Jasho likamtoka mgongoni, la baridi, ingawa moto ulikuwa mdogo. Ni hofu. Vidole vikaanza kucheza, kisu kikamponyoka, akakiokota, kikamponyoka tena, na aliona vigumu kukumbuka kisu ni cha kufanyia nini. Alisimama ili Mama aone kwamba yuko salama, kwamba hakuna kitu. Ua ukainuka upande mmoja. Aliona kiti, aliona mama aliyeketi juu yake akiwa wawili, na akaanguka juu ya maganda.

*

Kilichofuata alikisikia kutoka mbali, kama mtu aliye ndani ya tangi.

Alisikia yowe la Stephania. Alisikia miguu, mingi, ikija kutoka njia ya shambani. "Imemrudia! Sumu imemrudia mwenyewe!" Alitaka kusema kwamba ni dawa, dawa tu, lakini ulimi ulikuwa mzito na maneno yalitoka kama ya mlevi, na mtu fulani akasema, "Mnaona? Anaungama."

"Asiguswe mtu," ilikuwa sauti ya Cleophace, mwenyekiti wa kitongoji. "Na hicho kikombe kisiguswe. Mama Elpidius, simama mbali. Ulikunywa?"

"Sikunywa."

"Mungu mkubwa. Ulimwonjesha?"

"Nilimwonjesha."

"Akili hiyo!" alisema Stephania. "Bila hivyo leo tungekuwa tunachimba kaburi. Muacheni hapohapo, aonje alichopika."

Kemigisha alielewa kwamba watamwacha. Hawatampiga, hawatamkata. Watasimama tu wakitazama, kama watu wanaotazama jambo wanalolijua mwisho wake, maana jioni baada ya jioni walikuwa wameuona. Alitaka kulia na hakuweza hata hilo.

Halafu mkono mmoja ukamshika shingoni. Ulikuwa mkono mkavu, wenye joto. Ukapita kwenye paji la uso, ukashuka kwenye vidole vyake vinavyocheza, ukavishika.

"Jasho hili," alisema Mama Benadeta.

"Usimguse, mama!"

"Jasho hili nalijua. Ni la baridi." Sauti ilipanda. "Hii si sumu. Huu ni mwili wangu mimi, siku ile niliyomeza dawa nikasahau kula! Mnakumbuka nilivyoanguka kanisani? Kemigisha! Umekula leo? Ulikula nini?"

Kemigisha alitikisa kichwa, au alidhani ametikisa.

"Kwaresima," Mama Benadeta alinong'ona. "Yesu wangu, Kwaresima. Sukari! Leteni sukari! Stephania, kwako kuna mramba, nimewasikia jana mkikamua. Kimbia!"

"Nimletee mramba mtu aliyetaka kukuua?"

"Kimbia, nimesema! Mimi ndiye niliyemlisha dawa yangu! Mwenyekiti, sikia vizuri, na kama unapeleka habari mahali peleka hivyo: ni mimi niliyemwonjesha, kwa mikono yangu, akiwa na njaa!"

Cleophace alijikuna shingo, akamtazama Stephania, na Stephania akaenda, kwanza akitembea, halafu akikimbia kweli. Mama Benadeta alikuwa ameshatia kidole kwenye kopo la sukari, akawa anampaka Kemigisha ndani ya shavu, kwenye fizi, kidogokidogo, akisema, "Meza mate, mwanangu. Meza mate tu." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwita mtoto atoke barabarani. Mramba ulipofika, yale maji matamu ya ndizi yasiyochachushwa, Kemigisha aliweza kuinua kichwa, na akanywa kwa hofu, na kila aliyekuwa uani pale alikuwa akimtazama kooni.

*

Katika zahanati walimtundikia chupa ya maji ya sukari, wakasema atabaki mpaka kesho, kwa sababu dawa ile hukaa mwilini na sukari yaweza kushuka tena. Mama Benadeta naye alimeza vidonge vyake mbele ya muuguzi, akapewa kitanda cha pili.

"Nani kawaambia dawa ya mtu inaonjwa?" muuguzi aliwauliza wote wawili. 

Elpidius alifika jioni, vumbi limemjaa nyusi. Alisimama katikati ya vitanda viwili bila kujua akae upande gani. Mwishowe aliketi chini, akalaza kichwa pembeni ya godoro la mkewe.

"Nilikwambia umpe wiki," alisema. "Nisamehe. Nikirudi nyumbani naling'oa lile dishi."

"Liache," alisema mama yake kutoka kitanda cha pili. "Ukiling'oa la kwetu, Stephania analo lake. Cleophace analo." Alivuta shuka mpaka kifuani. "Zilikuwa zote hivyohivyo, Kemigisha. Hilo ulilolisema kwenye simu ni kweli. Mimi sikuwahi kuona hata moja ambamo mkamwana anapika tu, watu wanakula, wanaoga, wanalala. Ningeona hata moja ningejua kwamba hilo nalo hutokea."

"Lakini lilikuwa linatokea, Mama," alisema Kemigisha. "Kila siku. Nyumbani kwako."

Mama Benadeta aligeuza uso ukutani. Baadaye, Elpidius alipotoka kutafuta uji, alisema bila kugeuka:

"Bado ninaogopa. Nikufiche nini? Nimejua kwamba hukunifanyia kitu, na bado nikifikiria sahani ile naogopa. Sijui nitaitoaje."

"Hata mimi nakuogopa, Mama."

"Mimi?"

"Wewe zaidi ya wote. Neno lako moja na ningekwisha."

Wakajilaza, kila mmoja akisikia mwenzake hajalala.

Asubuhi muuguzi aliporuhusu, Kemigisha alisema anakwenda kwao Kamuli, kwa muda, mpaka Pasaka. Hakulia alipokuwa anasema, na Elpidius hakuthubutu kumzuia. Alisema tu kwamba mke akirudi kwao peke yake, baada ya mambo kama haya, huku nyuma watasema amefukuzwa kwa ile sumu. Hata huko Kamuli habari itafika kabla yake. Kemigisha alikuwa ameshalifikiria hilo usiku, ndiyo maana mikono yake ilikuwa ya baridi tena, safari hii bila dawa.

"Hatakwenda peke yake," alisema Mama Benadeta. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anafunga kitambaa kichwani. "Mimi nitampeleka."

"Mama, miguu hiyo?" Elpidius alisema. "Na mama wa mwanaume tangu lini akaenda ukweni kuomba radhi? Watakuaibisha."

"Waniaibishe. Jambo hili likisemwa na yeye, atakuwa anajitetea. Likisemwa na mimi, limesemwa."

Ndivyo walivyofika Omurushaka, wanawake wawili na mfuko mmoja wa nguo, wakasimama pembeni ya barabara kusubiri gari la Kyerwa linalopita Kamuli. Jumamosi watu ni wengi, na wengi walikuwa wameshasikia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipanga nyanya aliwatazama, akamgusa mwenzake. Nolasco, mnunuzi wa kahawa, alianza kusema kitu cha kuchekesha kutoka barazani, akawaona nyuso, akakimeza. Kemigisha alitamani ardhi imfiche. Mama Benadeta hakuwa akiona vizuri vya kutosha kujua nani anatazama, kwa hiyo alimsalimia kila mtu, kwa sauti kubwa, na kila mara akaongeza, "Huyu ni mkamwana wangu. Nampeleka kwao kusalimia." Wengine waliitikia. Wengine hawakuitikia.

Gari lilionekana kwenye kona, likiwasha taa mchana. Mama Benadeta alitafuta mkono wa Kemigisha hewani, akaupata, akaukaza kuliko inavyohitajika kwa kupanda gari.

"Baba yako," alisema, "ni mtu mkali?"

"Mkali, waitu."

"Na mama yako?"

"Yeye ni mkali zaidi."

Mama Benadeta alivuta pumzi ndefu. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.

"Basi nipandishe upesi," alisema, "kabla sijaghairi."